"Hakuna utafiti uliofanyika": kisa cha kupima kanzidata kwa dagaa wa Ziwa Victoria

Kisa hiki kilianza na sentensi moja kwenye rasimu ya tasnifu: "Hakuna utafiti uliofanyika kuhusu upotevu wa dagaa baada ya kuvuliwa katika upande wa Tanzania wa Ziwa Victoria." Aliyeiandika ni afisa uvuvi aliyekuwa akisoma shahada ya uzamili katika chuo kimoja hapa Mwanza, mama aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mialo ya Ukerewe. Msimamizi wake aliipigia mstari na kuandika pembeni: "Una uhakika? Umetafuta wapi?" Ndipo akaja kwetu maktaba.

Sentensi za aina hii nakutana nazo mara kwa mara, na naona zina uzito mkubwa kuliko wanavyodhani wanaoziandika. Mtu akisema hakuna utafiti, ombi la fedha linajengwa juu ya neno hilo, na kazi iliyokwisha kufanyika inarudiwa kwa gharama. Isitoshe, watu waliokaa mchangani Nyegezi, Kisumu au Jinja wakipima unyevu wa dagaa wanafutwa kwenye kumbukumbu kana kwamba hawakuwahi kushika mizani.

Alikuwa ametafuta katika kanzidata moja kubwa ya kulipia, yaani hazina ya mtandaoni ya kutafutia makala za utafiti, ambayo chuo kilikuwa nayo kwa majaribio. Ukurasa wake wa mbele ulijitangaza kwa maelfu ya majarida. Alipata makala za sangara, za furu waliotoweka, za mwani na gugu maji. Kuhusu kuanika, kukausha kwa moshi, kutia chumvi na kusafirisha mzigo mpaka soko la samaki la Mwaloni Kirumba, hakuona karibu chochote. Akahitimisha kwamba katika majarida maelfu, kama kitu hakimo basi hakipo.

Hapo ndipo penye kosa la msingi. Idadi ya majarida inaeleza ukubwa wa ghala. Haielezi kama ndani yake mna mzigo unaoutafuta wewe. Kanzidata inaweza kuwa na majarida 20,000 na isiwe na matatu ambayo ndiyo yanayobeba mjadala wa dagaa. Kwa hiyo swali tulilojiwekea lilikuwa dogo na la wazi: kwa jambo hili, kwa ziwa hili, kanzidata hii inashika sehemu gani ya kilichoandikwa?

Kabla ya kuilaumu kanzidata

Kukosa makala kuna sababu mbili zinazofanana kwa sura. Huenda makala haimo. Au imo, ila maneno ya utafutaji hayakuifikia. Mwanafunzi alikuwa ametafuta kwa neno "dagaa" peke yake. Lakini samaki huyuhuyu Wakenya wanamwita omena, Waganda mukene, na jina lake la kisayansi ni Rastrineobola argentea. Zaidi ya hapo, neno "dagaa" lilimletea rundo la makala za Ziwa Tanganyika, ambako dagaa ni samaki wengine kabisa, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Tulirudia utafutaji kwa majina yote, tukaongeza maneno ya uchakataji na hasara. Matokeo yaliongezeka, hasa kutoka ng'ambo ya ziwa. Pengo halikuzibika.

Ili kujua kama tatizo ni kutokuwamo, njia ya uhakika ni kutafuta kitu unachojua kipo. Unachukua makala uliyonayo mkononi na kuiulizia moja kwa moja: kwanza kwa kichwa kamili cha habari, kisha kwa DOI, namba ya kudumu ya utambulisho wa makala mtandaoni, kama inayo, kisha kwa jina la mwandishi, mwisho kwa jarida na mwaka. Ikishindikana kwa njia zote nne, ndipo unaandika "haimo". Nasisitiza zote nne kwa sababu majina ya waandishi wetu yanapinduliwa mno kwenye mifumo hii, la mwisho likawekwa la kwanza, na vichwa vya habari vinakatwa katikati au kukosewa herufi za jina la Kilatini. Kutafuta kwa njia moja kunaionea kanzidata.

Orodha ya kupimia

Kupima kunahitaji kipimo kisichotoka kwa anayepimwa. Ukiitoa orodha yako kwenye kanzidata A halafu ukaitumia kuipima kanzidata A, itafaulu kila siku. Hatari hiyo inajificha hata pale usipoidhania: tasnifu nyingi za miaka ya karibuni zimeandikwa na watu waliotafuta kwa Google Scholar pekee, mtambo wa bure wa Google wa kutafuta maandiko ya kitaaluma, hivyo marejeleo yao yanaipendelea Google Scholar bila mtu kukusudia.

Tulikusanya kutoka pembe tofauti kwa makusudi. Tulichukua marejeleo ya tasnifu za zamani zilizoko kwenye rafu zetu, nyingine za kabla ya intaneti kufika hapa. Tukachukua ripoti za TAFIRI, taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi iliyoanzishwa mwaka 1980 na yenye kituo hapa Mwanza. Tukachukua machapisho ya Jumuiya ya Uvuvi ya Ziwa Victoria, LVFO, ambayo makao yake ni Jinja, Uganda, na iliundwa mwaka 1994 na nchi tatu zinazolimiliki ziwa. Tukapitia pia yaliyomo katika majarida ambayo mtu wa dagaa angeyafikiria kwanza: jarida la haidrobaiolojia na uvuvi wa kitropiki la Afrika lililoanza huku Afrika Mashariki miaka ya 1970, majarida ya sayansi na ya kilimo ya vyuo vikuu vya Tanzania, na jarida la chakula, kilimo, lishe na maendeleo linalotoka Nairobi.

Kisha kila kipande tukakiwekea alama: makala ya jarida, ripoti, tasnifu, au mada ya kongamano. Tukaongeza alama ya somo: ikolojia, uvuvi wenyewe, uchakataji, biashara, lishe. Alama hizi za somo ndizo zilizotufaa kuliko kitu kingine chochote tulichofanya, kama itakavyoonekana.

Nilimuuliza mwanafunzi kama kuna kazi anazozijua kwa kuzisikia tu mialoni. "Zipo, kaka," akasema. "Kuna waliokuja na vichanja, wakatupimia dagaa wa mchangani na wa kichanjani, wakaondoka. Waliandika wapi sijui." Tuliifuatilia kazi hiyo, tukaipata.

Jarida limo, toleo halimo

Hili nitalieleza kwa kirefu kwa sababu ndipo wengi wanapodanganyika. Kanzidata ile ya kulipia ilikuwa imeliorodhesha jarida moja la Afrika Mashariki, jina lake likiwa wazi kwenye orodha ya majarida yaliyomo. Mtu anayehesabu majarida angeweka alama ya vema na kuendelea. Sisi tulifungua ukurasa wa jarida lenyewe na kuushusha mwaka kwa mwaka. Matoleo ya mwanzo hayakuwamo kabisa. Katikati kulikuwa na mwaka ulioonyesha toleo la pili bila la kwanza, na mwingine ambao jarida lilitoa matoleo mawili kwa pamoja katika kitabu kimoja, nayo kanzidata haikuchukua hata moja. Tulikwenda rafuni. Kitabu hicho kipo, gamba lake limefifia, pini zimeshika kutu, na ndani yake kuna makala ya vichanja aliyoisema mwanafunzi: jedwali la unyevu wa dagaa walioanikwa kwenye mchanga mtupu na walioinuliwa juu ya wavu, kwa siku za jua na siku za mawingu. Ndiyo hasa kazi ambayo rasimu ilisema haijawahi kufanyika.

Kwa hiyo tulipima kwa ngazi tatu. Je, jarida limo? Je, mwaka na toleo vimo? Je, makala imo? Kila ukishuka ngazi asilimia inapungua, na namba inayotangazwa kwenye matangazo ya biashara siku zote ni ile ya ngazi ya juu. Kuna mambo mengine ya kuuliza hapohapo: kanzidata inachukua kila kilichomo katika toleo, au inachagua? Ina maandishi kamili, au ikisiri tu, yaani muhtasari wa makala? Mchapishaji ameweka muda wa kusubiri, kwamba toleo jipya lionekane baada ya mwaka mmoja au zaidi? Kwa mtafiti anayetafuta kazi mpya, muda huo ni sawa na kutokuwamo.

Majina ya majarida nayo yanahama. Jarida la utafiti wa afya la Tanzania, linalotoka katika Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, hapo awali lilikuwa na jina jingine lenye neno "Bulletin". Jarida likibadili jina linapewa ISSN mpya, yaani namba ya utambulisho wa jarida, na toleo la karatasi na la mtandaoni yana namba tofauti. Anayelinganisha orodha mbili kwa namba moja tu atasema jarida halimo, kumbe limo kwa namba nyingine. Linganisha kwa namba zote, kisha kwa jina.

Hesabu, na tahadhari yake

Orodha ikiwa ndefu huwezi kupima yote, unachagua sampuli kwa bahati nasibu. Tuseme umechagua makala 50 na 30 kati yake zimo. Hiyo ni asilimia 60, lakini kwa sampuli ndogo hivyo ukweli unaweza kuwa popote kati ya asilimia 46 na 74 hivi. Usiende kwenye kikao cha bodi ukasema "asilimia 60" kama vile umepima kwa rula, na usiseme kanzidata ya asilimia 60 inaizidi ya asilimia 55.

Kilichomsisimua mwanafunzi ni njia ya kukadiria kile ambacho hakuna kanzidata iliyokishika. Nilipomweleza alicheka kwa furaha: "Si ndiyo tunayofanya kwa samaki!" Ndiyo hiyohiyo. Mtaalamu wa uvuvi wa Denmark, C. G. Johannes Petersen, aliwawekea samaki alama na kuwarudisha majini, akatengeneza njia hiyo mnamo 1896. Unavua, unaweka alama, unaachia, unavua tena, na idadi ya wenye alama katika mavuno ya pili inakupa makadirio ya wote waliomo. Kwa kanzidata, mavuno ya kwanza ni makala zilizopatikana katika A, ya pili ni zilizopatikana katika B, na wenye alama ni zile zilizomo kote kuwili. Chukua mfano: A imetoa 40, B imetoa 30, na 12 zimo zote mbili. Zidisha 40 kwa 30, gawanya kwa 12, unapata 100. Mkononi una makala 58 tofauti, kwa hiyo karibu 42 ziko mahali usipotazama.

Tahadhari yake pia anaijua kila mtu wa uvuvi. Hesabu inataka mavuno mawili yasitegemeane. Kanzidata mbili kubwa zinazochagua majarida kwa vigezo vinavyofanana ni nyavu za jicho moja zilizotegwa maji yaleyale: zitashirikiana makala 24 badala ya 12, hesabu itakwambia jumla ni 50, nawe utaamini umebakiza 4 tu. Ndiyo maana ni lazima kanzidata moja kati ya hizo iwe ya tabia tofauti. Sisi tuliichagua AJOL, mkusanyiko wa majarida ya Afrika ulioanza mwaka 1998 na ambao kwa sasa unaendeshwa kutoka Afrika Kusini, ukiwa na mamia ya majarida.

Tulichokiona

Jibu la jumla lingetupotosha. Ukichanganya masomo yote, kanzidata ya kulipia ilionekana ya wastani. Tulipozitenganisha alama zile za somo, picha ikabadilika. Kwa ikolojia ya ziwa, sangara na ubora wa maji, ilishika sehemu kubwa ya orodha yetu, na nyingi ya makala hizo zimeandikwa kwa ushirikiano na vyuo vya Ulaya na Marekani katika majarida ya kimataifa. Kwa uchakataji, hasara na biashara ya dagaa, ilishika kidogo sana. AJOL ilikuwa kinyume chake. Google Scholar ilizipata nyingi za pande zote mbili, ila ilichanganya na nakala za majarida ulaghai na faili zisizo na mwaka wala mchapishaji, na haitoi orodha ya majarida inayoyachukua, kwa hiyo huwezi kuipima kwa ngazi ya jarida hata ukitaka.

Ripoti zilikuwa fungu la peke yake. Kanzidata ya sayansi za maji na uvuvi ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, iliyoanza mwaka 1971 na inayofahamika kwa kifupi ASFA, ndiyo iliyotusaidia hapo, kwa sababu inapokea pia machapisho yasiyo ya majarida.

Kwa nini mgawanyo uwe hivi? Mizizi yake ni ya zamani. Mwaka 1934 Samuel Bradford, mkutubi wa London, alionyesha kwamba kwa kila somo majarida machache yanabeba sehemu kubwa ya makala, na zinazobaki zinatawanyika katika majarida mengi mno. Eugene Garfield alipotoa faharasa yake ya marejeleo ya sayansi mwaka 1964, mama wa Web of Science ya leo, kanzidata kubwa ya kulipia ya makala na marejeleo yake, aliegemea hoja kama hiyo: shika majarida ya kati, utakuwa umeshika mengi yanayohitajika. Kiuchumi ni hoja nzuri. Ila "ya kati" hupimwa kwa jinsi yanavyonukuliwa, na anayenukuliwa ni yule ambaye tayari anaonekana. Scopus, kanzidata nyingine ya kulipia iliyoanza mwaka 2004, inachukua majarida mengi zaidi, nayo inataka jarida litoke kwa wakati, liwe na ikisiri za Kiingereza na lipitiwe na wataalamu. Jarida la chuo chetu linalochelewa kwa sababu fedha ya uchapaji haijatoka linaanguka kwenye kigezo cha kutoka kwa wakati, hata kama kila makala iliyomo imepimwa vizuri mwaloni. Mwaka 2016 Philippe Mongeon na Adèle Paul-Hus walichapisha ulinganisho wa Web of Science na Scopus dhidi ya Ulrich, orodha kubwa ya majarida ya dunia nzima, wakaonyesha kwamba zote mbili zinaegemea sayansi asilia, uhandisi na tiba, na zinaipendelea lugha ya Kiingereza.

Sidai kwamba kuna mtu aliyekaa akapanga kuwaficha wachakataji wa dagaa. Lakini athari ni halisi na inawaangukia watu wanaojulikana. Kuanika dagaa ni kazi inayofanywa zaidi na wanawake, na mvua ya masika ikiwakuta mzigo ukiwa mchangani, dagaa wanaoza au wanauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Anayetafiti jambo hilo huchapisha nyumbani, kwa sababu wanaohitaji matokeo wako nyumbani. Halafu mfumo unaopima ubora kwa kuonekana ng'ambo unamhesabu kama hakuandika.

Upande wa pili nao una haki yake. Kutokuwamo kwenye kanzidata kubwa hakulifanyi jarida kuwa zuri. Kwenye orodha yetu kulikuwa na makala kutoka majarida ambayo bodi yake ya wahariri haipatikani na yanayokubali kazi ndani ya siku chache baada ya kulipwa. Tuliziondoa, na tukaandika kwa kila moja sababu ya kuiondoa. Mwanafunzi alisikitika kwa moja wapo kwa kuwa takwimu zake zilimfaa, lakini alikubali.

Sentensi mpya

Rasimu iliyofuata haikusema tena kwamba hakuna utafiti. Ilitaja kanzidata zote zilizotafutwa, tarehe ya mwisho ya kutafuta na maneno yaliyotumika, kama unavyotaka PRISMA wa 2020, mwongozo wa kuripoti mapitio ya tafiti. Kisha ikaeleza kwamba tafiti zilizopatikana zimepima hasara zaidi katika siku za jua, na kwamba haikupatikana iliyofuatilia hasara ya masika kwa mwaka mzima visiwani. Pengo limekuwa jembamba, na ni pengo la kweli. Msimamizi aliipitisha, isipokuwa kwa jambo moja ambalo bado hatujakubaliana: yeye anaona ripoti za serikali zisihesabiwe pamoja na makala kwa kuwa hazikupitiwa na wataalamu. Mimi naona zihesabiwe, zikiwekwa safu ya peke yake, kwa sababu kwa uvuvi wa ziwa hili mtu asiyesoma ripoti hajasoma. Mwanafunzi ameweka safu mbili.

Kwa upande wa maktaba, tumebadili namna ya kununua. Muda wa majaribio ukianza, tunamtaka muuzaji alete orodha ya majarida yenye ISSN zote, mwaka wa kuanza na wa kukoma, na muda wa kusubiri. Kisha tunaipima kwa orodha zetu wenyewe. Ya dagaa ipo tayari. Ya kichocho iko karibu kukamilika, na hiyo ni rahisi kidogo, kwa kuwa utafiti wa kichocho wa Mwanza umechapishwa sana katika majarida ya tiba ambayo PubMed, kanzidata ya bure ya makala za tiba, inayashika. Ya pamba ndiyo inayotutoa jasho: kazi nyingi za kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru ni za enzi za ukoloni, ziko kwenye ripoti za mwaka na katika Empire Cotton Growing Review, jarida lililobadili jina kuwa Cotton Growing Review na ambalo halipo tena, na kwa matoleo ya aina hiyo tumeanza na rafu za Ukiriguru wenyewe kabla ya kugusa kompyuta.